Kuchakulo na Nyimbo Ishirini

Paukwa!

Pakawa!

Aa, huko nyuma mmekula nini leo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana ngoma, alikuwepo Kuchakulo, yule kindi wa ardhini, mkulima wa karanga. Kuchakulo huyu, jamani! Kila kitu alikipima kwa karanga. Mkeka? Karanga ngapi? Jembe? Karanga ngapi? Mtu akicheka mbele yake, anamuuliza, "Umelipwa?"

Msimu mzima alichimba na mkewe, Siwema. Chaku! Chaku! Chaku! Ghala likajaa mpaka mlangoni. Siku ya mwisho ya mavuno, Kanga akaja na kundi lake la ngoma. Kiingilio, kapu la karanga.

"Kapu zima?" Kuchakulo akaruka. "Na nyumbani nirudi na nini mkononi?"

Siwema akatupa jembe, pu! "Miezi saba nakula vumbi. Leo usipocheza nami, kesho nafunga mzigo, narudi kwa mama. Nimesema!"

Kuchakulo akaogopa. Alimpenda mkewe, alimpenda kweli. Lakini kapu nalo lilimuuma! Akamwendea Kanga.

"Nikilipa kapu, unaimba nyimbo ngapi?"

"Ishirini."

"Zikipungua?"

"Nakurudishia kapu lako."

"Sawa. Nitahesabu!"

Ngoma ikalia. Ndu! Ndu! Ndu-ndu-ndu! Vumbi juu, jua kali, nani anajali? Nyegere anakata kiuno. Pimbi anapiga vigelegele. Kobe, ndiyo, hata Kobe, amerusha mguu! Na Kuchakulo? Amesimama kando. Wimbo ukiisha, anaokota kijiwe, anakitia shavuni. Mmoja, tap. Wa pili, tap. Wa kumi na mbili, mashavu yamefura. Miguu inamwasha. Mkia unacheza wenyewe, anaukanyaga.

Sasa, ngoma ile ilikuwa na desturi yake. Kanga huwaita mume na mke kwa majina. Mume huitika, "Tupo!" wakaingia katikati. Wakiitwa mara tatu bila kuitika, wamerukwa, mpaka mwaka mwingine.

"Kuchakulo na Siwema!"

"Mmmh," akasema Kuchakulo. Mdomo umejaa mawe!

Siwema akamtazama.

"Kuchakulo na Siwema! Mara ya pili!"

"Mmmh! Mmmh!" Akitema, hesabu imepotea. Asipotema, mke amekwenda. Moyo wake ukapiga kuliko ngoma yenyewe. Siwema akajifunga mtandio, akageuka, akashika njia.

"Kuchakulo na Siwema! Mara ya ta..."

Ptuuu! Prrrrrr! Vijiwe vikatapakaa, kimoja kikampata Nyegere puani.

"TUPO!" akapiga kelele Kuchakulo. "Siwema! Tupo!"

Siwema akarudi mbio. Lo! Wakacheza! Ndu-ndu-ndu! Wakazunguka huku, wakazunguka kule. Kuchakulo akaruka, akaanguka, akainuka, akaruka tena. Siwema akacheka mpaka akashika mbavu, na Kuchakulo alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu mvua za kwanza. Wimbo ukaisha, wakabaki palepale, ukaanza mwingine. Hakuna aliyewatoa!

Ngoma ikaisha. Kanga akaja na kapu la karanga, uso chini.

"Bwana Kuchakulo, koo limenikauka. Nimeimba nyimbo kumi na tisa tu. Tuliahidiana. Chukua kapu lako."

Kuchakulo anahema. Anacheka. Jasho linamtoka mpaka mkiani.

"Kapu gani?" akauliza.

Siwema akamshika mkono. "Twende nyumbani, mume wangu."

Haya, wakubwa kwa wadogo, mmesikia. Kabla ya kulipia starehe, angalia ghala lako kama linaweza. Lakini ukishalipa, ingia ucheze. Furaha haina kipimo cha karanga, na anayekaa kando kuipima ndiye anayeikosa.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeinuka, nakwenda zangu.