Mize na Wafalme wa Muhogo

Sogeeni karibu. Aliye mwoga akae katikati wala asione haya, maana hata Mize, mwenye hadithi hii, aliogopa tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mize alikuwa mpishi wa gereza la Liwali mmoja wa zamani, na gerezani humo aliwalisha watu watatu. Makame alikuwa mchongaji; alichokishika mkononi hakikukosa kupata sura. Alifungwa kwa kukataa kumchongea Liwali mlango wa bure. Feruzi alikuwa mpepeaji. Miaka kumi na moja alisimama na pepeo nyuma ya kiti cha Liwali, akiona kila kitu na kunyamaza, mpaka siku moja Liwali alipoliwa kete mchezoni, Feruzi akacheka. Wa tatu, Bi Kazija, alikuwa mkunga. Kosa lake ni kumtangazia Liwali kwamba amepata binti, wakati mwenyewe alitaka mwana wa kiume.

Liwali huyo alipenda sataranji kuliko chakula, na kila Idi alimnyooshea mtu kidole acheze naye mbele ya mji mzima. Ukishinda, unapewa ufunguo wa kumtoa mfungwa mmoja. Ukishindwa, jioni ileile unafungwa mnyororo pamoja na wafungwa wote, mnapelekwa machimbo ya chokaa, na huko hajarudi mtu. Mshindi hakuwahi kuonekana.

Mwaka huo, zikiwa zimebaki siku saba, Liwali alionja mchuzi akakunja uso.

"Chumvi imezidi. Nani kapika?"

Mize akajitokeza, mwiko ungali mkononi.

"Basi utacheza wewe."

"Bwana Liwali, mimi hata kete zinavyokwenda sijui!"

"Siku saba zinatosha," alisema Liwali, akaagiza chakula kingine.

Mize alirudi jikoni akapakua. Kisha akapeleka chakula gerezani, kwa kuwa watu lazima wale, na huko akalia mbele ya wafungwa wake watatu.

Makame alimsikiliza, akauliza, "Dada Mize, kesho kuna muhogo?"

"Upo."

"Usiukate. Chemsha mzima mzima, uniletee na kijiko."

Kwa mpini wa kijiko akachonga mfalme, malkia, ngome na farasi, na askari wadogo wa kutangulia mbele. Sakafuni akachora miraba kwa mkaa. Akamwonyesha kwamba mfalme huenda hatua moja moja, ngome hunyoosha njia, farasi huruka vichwa vya wenzake. Mlinzi akikaribia, wanafuta mkaa na kula kete zote. Siku ya tatu Mize alikuwa amekwisha kumeza wafalme sita, na njia za kete zote zilikuwa zimemkaa kichwani.

Feruzi hakuwa msemaji. Siku ya nne alinong'ona kwenye nondo. "Liwali ataacha farasi wake peke yake mapema, ajifanye amesahau. Usimle."

"Hata akiwa wa bure?"

"Nimewaona watu kumi na mmoja wakimla."

"Wako wapi?"

"Kwenye chokaa," alisema Feruzi, akarudi kukaa pembeni.

Bi Kazija hakuwa ameshika kete maishani mwake. Lakini alimtazama Mize akifanya mazoezi, akaona kwamba akitishwa tu, mkono wake unaruka na kudaka kete yoyote iliyo karibu. Na sheria ya Liwali haikuwa na huruma: ukigusa, umecheza.

"Mwanangu, kichwa chako kinajua," alisema. "Huo mkono ndio utakaokuua. Ukalie."

"Niukalie, Bi Kazija?"

"Yote miwili. Vuta pumzi tatu, kama ninavyowaambia wanawake wenye uchungu, ndipo uitoe."

Idi ikafika. Mize aliketi barazani mbele ya mji mzima, kanga imelowa jasho mgongoni, akatamani ardhi immeze.

Liwali alianza kwa dharau. Akaichukua ngome yake na kuipitisha mshazari, aone kama mpishi atajua.

"Ngome haiendi hivyo, Bwana," alisema Mize, kwa sauti ndogo kiasi kwamba alitakiwa kurudia. Watu wakaguna. Liwali akairudisha.

Punde farasi akabaki peke yake, mnono, bila mlinzi. Mate yalimjaa Mize mdomoni. Akawakumbuka wale kumi na mmoja, akampita. Liwali akaacha kutabasamu.

Kisha ngome ya Liwali ikamtisha mfalme wa Mize. Mize aliona giza. Mkono ulitaka kuruka umshike mfalme akimbie, lakini haukutoka, maana alikuwa ameukalia. Akavuta pumzi ya kwanza, akaona kwamba mfalme akisogea tu, amekwisha. Akavuta ya pili, ya tatu. Ndipo akamwona askari mdogo kabisa. Akamsogeza hatua moja, akaziba njia ya ngome, na nyuma yake njia ya malkia wa Mize ikafunguka hadi kwa mfalme wa Liwali.

"Bwana," alisema, "mfalme wako hana pa kwenda."

Liwali aliukagua ubao, akamtupia ufunguo. "Mmoja tu. Na jua likizama wengine wanakwenda kwenye chokaa."

Mize alidhani hofu yake ingeishia hapo. Aliposimama mbele ya milango mitatu ya vyumba vya wafungwa wake, ikamrudia mara tatu.

Makame alikuwa amegeukia ukuta, ili uso wake usimlazimishe. Feruzi alikuwa analia waziwazi. "Mimi nitakufa kule, Mize. Siwezi kujifanya siogopi." Bi Kazija akasema, "Usinitazame mimi, mwanangu, nimeishi," lakini vidole vyake vilishika nondo na havikuachia.

Jua lilikuwa limefika juu ya ukuta. Mize akauficha mkono wenye ufunguo kwapani, akavuta pumzi ya kwanza.

Hapo ndipo ninapomwacha, na ninyi ndio mtakaoamua. Yupi atolewe: aliyempa njia za kete, aliyempa siri ya adui, au aliyempa uwezo wa kuutawala mkono wake mwenyewe? Naona wewe kule nyuma umeshafungua mdomo. Ngoja kwanza, kalia mikono. Kufuli ukiligusa, umecheza. Haya, ungemfungulia nani?