Misumari ya Shaame

"Akupendaye barafuni hukaa mbali." Mmenisikia nikimpigia Mbarouk kelele kwa maneno hayo alipotaka kumkimbilia mwenzake aliyeteleza, mkacheka, mkauliza bibi kaitoa wapi methali ambayo hata Pemba haijulikani. Pemba wataijuaje? Barafu wanayoijua wao ni ya kutia kwenye juisi. Usemi huu ulizaliwa hapa hapa Ufini, kwenye ziwa hili mnalolitazama, na chanzo chake nitawaeleza. Endeleeni kukaza kamba za viatu vyenu huku mnasikiliza. Ziwa halikimbii.

Palikuwa na ndugu wawili kutoka Wete, baba mmoja, mama mmoja. Mkubwa aliitwa Shaame, mdogo Ngwali. Shaame alitangulia kuja huku, akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao, na baada ya miaka mingi akamvuta mdogo wake. Siku Ngwali anafika uwanja wa ndege alikuwa amevaa koti la kuazima na viatu vya wazi, na alitarajia kukumbatiwa mpaka mbavu zilie. Shaame alimpa mkono, akauliza hali ya mama, kisha akamvisha shingoni kamba yenye vishikio viwili vya mbao, kila kimoja kimetokeza ncha ya msumari.

"Hii nini, kaka?"

"Ya ziwani. Barafu ikikatika chini yako, unaikita hiyo kwenye ukingo, unajivuta. Usiivue msimu wote wa baridi."

Ngwali alicheka kwa adabu, lakini moyoni aliumia. Mtu umemwacha mama yako analia barazani, umevuka dunia nzima, halafu unapokewa kwa misumari! Alipofika chumbani aliitundika nyuma ya mlango, na huko ikabaki.

Aliyemfariji ni Makame. Makame huyo alikuwa mume wangu, kwa hiyo nikimsifu kupita kiasi mtanisamehe. Hakuweza kukwambia habari bila kukushika bega. Ukiugua, alikuwa kitandani kwako kabla ya daktari. Ngwali alimpenda mno, akawa anasema mbele za watu, "Ndugu yangu hapa Ufini ni Makame. Shaame damu yake imeshaganda." Watu walicheka, na maneno yakamfikia Shaame.

Nasi tuliona kama Ngwali ana haki. Shaame alikuwa amefundishwa kuvua na jirani yake, mzee Eino, Mfini asiyemaliza maneno kumi kwa siku. Wanatoboa barafu, kila mmoja tundu lake, wanakaa mbalimbali kiasi kwamba kuombana kiberiti mpaka wapaze sauti. Makame alikuwa akiwaona na kuuliza, "Wale wamegombana?" Hawakugombana. Ndivyo walivyokuwa marafiki.

Sasa, kila mwaka shule zikifungwa kwa likizo ya skii, Wapemba wote wa mji huu tulikuwa tukitoka pamoja kuja ziwani. Nyinyi mnadhani starehe mmezianzisha nyinyi. Tulikuja na sleji za watoto za kuburuta kwenye theluji, na skii za miguuni za kuazima zilizotuangusha tukacheka mpaka tukalia, na majiko ya mkaa ya kuchomea mishikaki. Mimi nilikuwa na sufuria langu la pilau nimelizungushia mablanketi mawili kama mtoto mchanga. Jua la Machi lilikuwa limetoka, theluji inameta, na watu walivua kofia zao kwa furaha. Nakumbuka nilimwambia Makame kwamba nchi hii, ikitaka, ina uzuri.

Tulitandika mkeka juu ya barafu. Sinia likapakuliwa, watu wakajibana kulizunguka, bega kwa bega, goti kwa goti, kama tulivyolelewa. Shaame akaja kutoka kwenye tundu lake la samaki.

"Jamani, msijikusanye hivi. Jua la wiki nzima hili, barafu si ile ya Januari. Pakueni kwenye sahani, mtu akae mbali na mwenziwe. Na watoto wasifike kule kwenye matete, pana mto unaingia chini, barafu yake nyembamba."

Mzee Faki, aliyekuwa mkubwa wetu, alimtazama na tonge mkononi. "Shaame, mwanangu, tumekimbia mengi tukaja huku. Hata kula pamoja tuache?"

"Sikusema muache, mzee. Nimesema mtawanyike."

"Mwacheni," alisema Ngwali. "Yeye kazoea kula na samaki."

Vicheko vilimsindikiza Shaame mpaka kwenye tundu lake. Ngwali alimuona akikaa kwenye kigoda, mgongo kwetu, akasikia raha, ile raha chafu ya kumpata mtu. Baadaye alinieleza hivyo mwenyewe.

Barafu pale kwenye mkeka ilitustahimili. Kilichotokea ni kwamba upepo uliisukuma sleji tupu ya mtoto mmoja, ikateleza hadi karibu na matete. Ngwali akainuka kuifuata, anatafuna bado. Alikuwa ameinama kuishika kamba yake pale chini yake palipotoa sauti kama ya kanga mpya inapochanwa, naye akazama mpaka kichwa.

Maji yale yanakata pumzi. Ngwali aliibuka, akakamata ukingo, ukameguka. Akakamata tena, ukameguka tena. Alipapasa shingoni akitafuta misumari, na hapo akaiona waziwazi, inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake. Akainua macho. Watu wote walikuwa wameinuka kwenye mkeka wanakuja mbio, na wa karibu kuliko wote alikuwa kaka yake, anakimbia na kamba mkononi.

Kisha akamuona kaka yake anasimama.

"Kaka!" aliita. "Kaka, njoo!"

Shaame hakuja. Aligeuka, akawapa watu uso, akatanua mikono na kuwapigia kelele ambazo hatukuwahi kuzisikia kwake. "Rudini nyuma! Asije mtu! Mtamuua!" Halafu akajilaza kifudifudi kwenye theluji, mbali, akaanza kutambaa pole pole kama mjusi. Ngwali, meno yanagongana, alimlaani. Ndiyo, alimlaani ndugu yake akiwa ndani ya maji. Alidhani ameogopa.

Watu walisimama, isipokuwa mmoja. Makame alimpita Shaame kwa mbio. Shaame aliurukia mguu wake akaukosa, akabaki na theluji mkononi. Makame alifika ukingoni kwa miguu yake miwili, mikono wazi, na uso wake ulikuwa na tabasamu la kumtuliza mwenzake.

"Nipe mkono, yakhe. Nimekuja."

Ngwali aliugusa mkono ule. Ulikuwa na joto, na bado unanukia pilau. Hapo barafu ikakatika kipande kizima, na Makame akaingia kichwa mbele, akapita chini ya barafu, hakuibuka. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Niliendelea kusimama.

Kamba ilimpiga Ngwali usoni. Kutoka mbali, amelala tumbo, Shaame alimwambia aizungushe kwapani, akamvuta, na watu wakamvuta Shaame kwa miguu, mpaka Ngwali akatoka. Shaame alimfunika kwa koti lake, kisha akarudi kwa tumbo lake kwenye lile tundu, akaingiza mkono ndani ya maji hadi begani, anapapasa, anapapasa, mpaka waokoaji wakaja kumtoa. Vidole vyake viwili viliuawa na baridi, vikakatwa baadaye. Lakini hilo watu hawakulisimulia.

Wapiga mbizi walimpata mume wangu keshoye. Ardhi ilikuwa imeganda, kaburi likachimbwa kwa mashine, na udongo uliomfukia ulikuwa mabonge. Kwenye matanga Shaame alikuja na mkono wake umefungwa bandeji, akakaa karibu na mlango. Watu walisogea wakamwachia nafasi kubwa. Ngwali ndiye aliyesema, mbele ya wote.

"Nilikuita. Mbona hukuja?"

Shaame alitazama zulia. "Nilifika pale barafu iliponiruhusu."

"Makame hakuomba ruhusa."

"Ndiyo," alisema Shaame. "Hakuomba."

Akainuka, akavaa viatu, akaondoka. Kabla ya msimu kwisha alikuwa amehamia mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa treni, na hakuna aliyemsindikiza. Hata mimi. Nilikuwa nahitaji mtu wa kumlaumu, na yeye alikuwa hai.

Ngwali alioa, akapata binti, wakamwita Raya. Ndugu wale hawakuongea ila salamu za Idi, mbili tatu, za kwenye simu. Lakini kila baridi ikianza, posta ilileta kifurushi kutoka kwa Shaame, na ndani mna misumari mipya na kamba iliyopimwa kwa shingo ya mtoto. Ngwali hakukigusa kifurushi. Mkewe, Time, asiyekuwa na ugomvi na mtu, alimvisha mtoto na kumwambia, "Ya baba yako mkubwa hiyo, usiivue."

Raya alilipenda ziwa kuliko chakula. Mtoto wa huku, utamzuiaje? Wenziwe wote wanateleza. Ngwali alikuwa akimleta na kusimama hapa ufukoni, hakanyagi barafu hata kwa unyayo mmoja. Siku moja ya mwisho wa msimu, Raya akiteleza kinyumenyume kuwaonesha wenzake, alivuka vijiti vilivyowekwa kuonesha mwisho wa barafu nzima. Ngwali aliita. Mtoto akageuka kumpungia mkono, akazama.

Ngwali alikimbia. Alikimbia kama Makame, miguu miwili, mikono wazi, haoni kitu ila kofia nyekundu juu ya maji. Kisha akausikia chini yake mlio ule wa kanga kuchanika. Miguu ikasimama yenyewe. Akajua kwamba akiongeza hatua watakufa wote wawili, na kwamba akisimama mtoto atamuona amesimama. Alijilaza kifudifudi.

"Baba! Baba, njoo!"

"Siji, mwanangu! Nitazame. Shika misumari!"

"Njoo, baba!"

"Siji! Ikite mbele yako! Piga miguu, jivute!"

Alikuwa akilia huku anampigia kelele. Raya alikita msumari mmoja, akakita wa pili, barafu ikashika. Akajivuta hadi kifua, akateleza nyuma, akakita tena. Ngwali aliirusha skafu yake, ikafika. Akamvuta kwa kutambaa kinyumenyume, hatua za mdudu, mpaka akaweza kumkumbatia.

Ndani ya gari, amefungwa mablanketi, midomo ya buluu, Raya hakumtazama baba yake. Alikuwa anatazama dirishani.

"Nilikuita," alisema. "Mbona hukuja?"

Ngwali alilitambua swali lile. Alilia kilio ambacho hakukilia kwenye matanga ya Makame. Alipoweza kusema, alisema, "Akupendaye barafuni hukaa mbali, mwanangu." Kisha akarudia, taratibu, kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa na mwingine.

Kesho yake alipanda treni. Shaame alifungua mlango kwa mkono wenye vidole vitatu. Alikuwa amezeeka, na chumba chake hakikuwa na ndoano wala kigoda cha kuvulia; tangu siku ile hakuwahi kukanyaga ziwa.

"Kaka," alisema Ngwali, "mtoto ameniuliza swali nililokuuliza wewe."

Shaame alishika fremu ya mlango. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Kwa misumari yako."

"Ukamjibu nini?"

Ngwali akamwambia. Shaame akageuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Kisha akasema, "Ningelipata maneno hayo mapema, ningelimwambia Makame. Pengine angelisimama."

Ngwali alirudi na habari hiyo mpaka kwangu. Alipiga magoti mlangoni. Mwaka uliofuata nilipanda treni mwenyewe, nikampikia Shaame pilau, na tulikula sinia moja. Alikufa kabla ya theluji nyingine kuyeyuka, nami nilikuwepo.

Sasa msije mkaitumia methali hii kumcheka mume wangu. Makame alipenda kama tulivyofundishwa kwetu, kwa kukimbilia, kwa kushika mkono, na kwenye nchi kavu hakuna mapenzi bora. Kosa lake ni kwamba alikuja nayo juu ya maji. Mpaka leo kuna asubuhi naamka namkasirikia, kisha namtengea kikombe chake cha chai.

Haya, nionesheni shingo zenu. Mbarouk, misumari yako iko wapi? Ivae, usinitolee meno. Mkiwa kule mwachane, kila mtu na nafasi yake, na mwenzenu akizama asimkimbilie mtu, laleni chini mrushe kamba. Mimi siji. Hata mkiniita kwa jina la mama yangu, nitakaa hapa hapa ufukoni na sufuria langu, nimewakazia macho mmoja mmoja mpaka mrudi. Mkiniona nimekaa tu, msiniulize kwa nini. Akupendaye barafuni hukaa mbali.