Lori Lililozimwa Thelujini

Kuna fumbo, ndugu zangu, nimelihangaikia miaka mingi na sijalifumbua: kwa nini mtu aliyebanwa na adui humpiga kwanza rafiki yake?

Sikilizeni. Katika ile Vita Kuu ya Pili, dereva mmoja Mjerumani alikuwa akikimbiza lori kwenye theluji ya Urusi. Adui yu nyuma, mizinga inanguruma! Amebeba majeruhi wanane, na nafasi ya wawili bado ipo. Mbele akawakuta Waitaliano, washirika wake wa vita, wanarudi kwa miguu. Nyumbu wao, wale wazaliwa wa punda na farasi, waliburuta juu ya mbao za kuteleza masanduku ya risasi, ambayo amri iliwakataza kuyaacha. Mmoja akalidandia lori, akang'ang'ania nyuma.

"Ndugu, mchukue huyu mwenzangu tu! Miguu yake imekufa ganzi!"

Dereva hakuwa katili. Aliogopa tu kwamba akipanda mmoja, watapanda mia. Akasimama, akazima injini, maana petroli ilikuwa haba na amri yao ndiyo hiyo: ukisimama, zima. Akashuka na bunduki.

"Si nyinyi mliokimbia mkatuacha wazi mbele ya adui? Pandeni nyumbu wenu!"

Akavigonga vidole vya yule aliyeng'ang'ania lori kwa kitako cha bunduki. Pa! Vikaachia.

Akarudi kwenye usukani, akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya! Kwa baridi ile, injini ikizimwa imeganda. Majeruhi wakaanza kuita, "Dereva, vipi?" Mizinga inakaribia.

Mwitaliano mwingine akampapasa nyumbu shingoni. "Bwana mkubwa," akasema, "huyu wetu hawashwi kwa ufunguo."

Wenzake wakacheka, isipokuwa yule mwenye vidole vilivyovunjika. Dereva akavua kofia, akamtazama yeye, maana alijua hukumu iko kwake.

Mngeamuaje? Msiwaseme Wajerumani! Sisi tunaomega mkate mmoja, ni mara ngapi tumesimamisha safari nzima ili kumshusha ndugu mmoja? Kisha tunashangaa, mbona kanisa haliwaki!

Yule aliyeumizwa akasema, "Yaacheni masanduku. Walazeni majeruhi wao juu ya mbao, na mwenzangu katikati yao."

Amri ikavunjwa, masanduku yakabaki thelujini, majeruhi wakafungwa kwenye mbao. Na aliyekaza fundo la mwisho ni yule aliyevunjwa vidole, kwa meno.