Mbuzi Weupe wa Bwana Mataya

Hadithi yangu iko mlangoni.

— Ipite, tumeipisha.

Imekuja bila mkia.

— Mkia umebaki wapi?

Haukuwapo tangu mwanzo. Mwenyewe ni pimbi.

— Basi ikae, tuisikie.

Ikae, na ninyi endeleeni kupukuchua kunde, masikio hayana kazi. Chiduo, sogea, unakanyaga ungo wangu.

Zamani hizo palikuwa na bonde, na kando ya bonde palikuwa na kilima cha mawe matupu. Bondeni waliishi mbuzi wa kila namna: weusi, wekundu, wenye madoa, wenye pembe, vipara, wenye masikio marefu ya kufagilia na wenye masikio mafupi kama yamekatwa. Kilimani aliishi Pimbi. Alikuwa mdogo, hana mkia, hana meno ya kutisha. Alikuwa na maneno tu.

Mbuzi wale walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, hatolewi nje mpaka atajiwe mama yake, na mama wa mama yake, na bibi wa mama yake, mpaka mdomo wa mtajaji uchoke. Tangu siku hiyo ukimtaka huyo mbuzi, humwiti "njoo." Unamwita kwa mama zake. Unasema, "Madoa wa Shungi, Shungi wa Kijivu, Kijivu wa Mapembe," naye anakuja. Usipojua mama zake, hata upige mluzi mpaka midomo ikauke, yeye anaendelea kutafuna. Shikeni hilo.

— Tumelishika.

Bonde lilikuwa na mwenyewe, au tuseme alijifanya mwenyewe. Alikuwa fisi mkubwa, Bwana Mataya. Kila siku ya tano alikula mbuzi mmoja. Hakumwita mtu kwa mama yake. Alikamata tu, kwapu.

Siku moja akamkamata Madoa. Madoa alikuwa mbuzi mfupi, mbavu nje, na mimba ya miezi minne tumboni. Pimbi alikuwa juu ya jiwe anaota jua, akaona. Roho ikamuuma, kwa sababu kila kiangazi Madoa ndiye aliyekuwa akimwangushia majani ya mgunga, bila kuombwa. Akashuka.

"Shikamoo, Bwana Mataya."

"Marahaba. Sema upesi, nina chakula chini ya mguu."

"Hicho nacho ni chakula? Samahani, Bwana, mimi si wa kuchungulia sahani ya mtu. Lakini mara iliyopita ulikula mnono, leo unakula mifupa, na siku nyingine hujui utakula nini. Mkubwa kama wewe anakula kwa kubahatisha?"

Fisi akamtazama Madoa. Kweli, mbavu zilihesabika.

"Sasa nifanyeje?"

"Chagua mbegu. Mbuzi hurithi. Mnono huzaa mnono, na mifupa huzaa mifupa. Nipe siku saba niwapime wote, kisha bondeni abaki yule unayempenda tu."

"Unawapima kwa nini?"

"Kwa unyoya."

Pimbi akang'oa unyoya mmoja kwenye sikio la Madoa, nyaku. Akaunusa, nyuf nyuf. Akaulaza juu ya jani, akaufunika kwa jani jingine, akafunga kwa uzi wa mkonge. Halafu akatikisa kichwa kama mganga mwenye habari mbaya.

"Mifupa mpaka kwa bibi wa bibi. Ukimla utaumwa tumbo. Ukimwacha hapa ataharibu mbegu. Mpeleke kilimani kwangu, kule hakuna cha kuharibu."

Fisi akainua mguu. Madoa akapanda kilima, kata kata kata, wala hakugeuka nyuma.

Siku saba Pimbi alipima. Kila mbuzi alimng'oa unyoya, na kila mbuzi alimuuliza: mama yako nani, bibi yako alikufaje, mwaka wa njaa mlikula nini? Mbuzi wakajibu kwa kirefu, maana hupenda kuulizwa ukoo. Pimbi akasikiliza yote, akayaweka kichwani. Kisha akaenda kwa Fisi kumsomea majibu, kwa namna yake.

"Huyu mwekundu, ukoo wake unakula miiba."

"Ni vibaya?"

"Vibaya sana. Itakuchoma koo. Kilimani."

"Kilimani," akasema Fisi.

"Huyu kipara, leo anakunywa maji, kesho na keshokutwa hanywi."

"Ni vibaya?"

"Nyama kavu hiyo. Kilimani."

"Kilimani."

"Huyu wa miguu mirefu, mama yake alimshinda chui kwa mbio."

"Huyo ni mbaya," Fisi akasema mwenyewe, maana sasa alikuwa amekwisha kuwa mtaalamu. "Kilimani."

"Na huyu mweusi. Mwaka ule wa kikohozi, ukoo wake mzima haukukohoa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Kiburi," akasema Fisi. "Kilimani."

Bondeni wakabaki mbuzi weupe, wa ukoo mmoja, watoto wa beberu mmoja aliyeitwa Pamba. Wanene, wapole, miguu mifupi. Zamani koo za mbuzi zilikuwa zikiazimana mabeberu kila mvua ilipoanza, wa huku anakwenda kule, wa kule anakuja huku. Sasa hapakuwa na wa kumwazima. Pamba akawa baba, kisha akawa babu, kisha akawa baba tena wa wajukuu zake.

Misimu miwili Bwana Mataya alikula vizuri. Tumbo lake likagusa nyasi. Alikuwa akikaa juu ya kichuguu kuwatazama weupe wake, na akiona doa dogo tu kwenye mbuzi anachukia. Yeye mwenyewe ana madoa kichwa mpaka mkia, lakini nani angemwambia?

Msimu wa tatu mvua ilichelewa, na kikohozi kikaja. Mweupe mmoja akakohoa, kho. Wote wakakohoa, kho kho kho. Damu yao ilikuwa moja, kwa hiyo kilichomshinda mmoja kiliwashinda wote. Wakakonda. Wengine wakafa. Mimi nikifika hapa huwa naona huruma, maana wale hawakuomba kuchaguliwa. Pimbi naye aliona huruma, na aliona aibu pia. Siku ile alikuwa amemfikiria Madoa, hakuwa amewafikiria wao.

Fisi akaja chini ya kilima.

"Pimbi, mbegu yako inakohoa."

"Pole, Bwana."

"Huko kwako nani anakohoa?"

Wakasikiliza. Juu ya mawe zilisikika kwato tu, kata kata kata.

"Hakuna," akasema Pimbi. "Unajua tena, wana kiburi."

"Niponyee mbuzi wangu."

"Mgonjwa simwezi. Naweza kumponya atakayezaliwa. Walete majike wako wote, wapate mabeberu wa huku. Miezi mitano tu, Bwana, na watoto watakuwa na unene wa mama na kifua cha baba."

Fisi akamwona mtoto huyo kwa macho ya njaa: mnono, mzima, hakohoi. Mate yakamdondoka.

"Na miezi mitano mimi nile nini?"

"Bwana ana akiba," akasema Pimbi, akilitazama lile tumbo.

Basi weupe wakapanda kilima polepole, kho, kata, kho, kata. Pamba naye akapanda, maana si vizuri mzee kubaki peke yake. Bonde likabaki na nyasi na fisi.

Miezi mitano ikapita. Wakazaliwa watoto weupe wenye masikio meusi, wekundu wenye soksi nyeupe, na wanono wanaoruka majabali. Hakuna aliyekohoa. Fisi akaja, tumbo limeingia ndani. Akajaribu kupanda, mawe yakateleza, buruu, akashuka kwa mgongo.

"Washushe," akasema kutoka chini.

"Mimi siwezi kumshusha mbuzi wa mtu," akajibu Pimbi. "Waite mwenyewe. Wa kwako watakuja. Desturi ya mbuzi unaijua."

"Njooni."

Mbuzi wakatafuna.

"Kwa mama zao, Bwana."

Fisi akamtazama jike mweupe aliyesimama mbele. Akakohoa kidogo, akanyoosha shingo.

"Wewe, mweupe wa... wa mweupe."

"Mama yake nani?"

"Mweupe."

"Bibi yake?"

Fisi akafikiri sana.

"Nilimla."

"Na mama wa bibi yake?"

"Huyo pia."

"Basi waite huko ulikowaweka," akasema Pimbi. "Huenda wakaitika."

Tumbo la Fisi likanguruma, nguru nguru. Hakuna aliyeitika.

Pimbi akageuka juu ya jiwe lake, akamtazama yule jike. Akamwita taratibu: "Tui wa Chokaa, Chokaa wa Yange, Yange wa Mawingu." Jike akainua kichwa. Misimu mitatu hakuna aliyekuwa amemtajia bibi yake. Akaja mpaka kwenye jiwe, machozi yanamtoka, na mtoto wake nyuma yake. Madoa akawasogelea, akamfundisha yule mtoto majina yale, mama mpaka bibi wa mama.

Ndiyo maana mpaka leo Fisi akipita jioni huita uuu-wi, uuu-wi. Anajaribu kulikumbuka hata jina moja.

Fundisho lake, maana najua mnalisubiri, ni hili: msihangaike na koo. Mkipata mbuzi mnono, mweupe, mpole, fugeni huyo huyo, wengine fukuzeni. Na wale wataalamu wa mifugo wakija na bahasha zao kung'oa mbuzi wenu unyoya na kuuliza bibi yake alikuwa nani, waambieni wanapoteza muda. Ukoo una faida gani?

— Si kweli, Shangazi.

Nani kasema si kweli? Chiduo? Haya, Chiduo. Nitajie bibi wa bibi yako.

Nasubiri.

Kunde zimekwisha. Hadithi nimeifunga kwenye kigingi. Anayeitaka asipige mluzi, aiite kwa mama zake.