Kiwiko cha Mfinyanzi

Kulikuwa na mfinyanzi mmoja, mama mjane, ambaye vyungu vyake vilijulikana katika masoko yote ya upande ule wa mlima. Siku moja alikwenda kuchimba udongo, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Kiwiko kikavunjika. Hospitali wakamfunga plasta, hili tunaloliita hogo. Lilipofunguliwa, daktari akamwambia, "Mfupa umeunga. Sasa mkono huu uwe unaukunja na kuunyoosha, asubuhi na jioni. Utauma, lakini usiache."

Asubuhi ya kwanza mama alijaribu, akapiga ukelele. Binti yake alikuwa jikoni anakoroga uji. Akatupa mwiko, akaja mbio, akaufunga ule mkono kwa khanga na kuuning'iniza shingoni.

"Tulia, mama. Umeshateseka vya kutosha. Mimi nipo."

"Lakini daktari amesema..."

"Daktari hasikii unavyolia. Mimi ninakusikia."

Niambieni, nani kati yetu angemlaumu? Binti yule alimlisha mama yake, akamwogesha, akamsuka nywele. Majirani wakawa wanawaambia binti zao, mtazameni yule. Na yeye mwenyewe, sitawaficha, alikuwa akilala kwa moyo mweupe kabisa.

Miezi mitano ikapita. Mama akatamani kushika udongo. Binti akamkandia donge laini, akaliweka mbele yake, akaifungua khanga. Mkono haukushuka. Ulibaki umekunjwa pale pale kifuani. Vidole vilicheza hewani, donge liko chini, havilifikii. Mama akabaki analitazama lile donge.

Wakarudi hospitali. Wakapokewa na mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mfupi, mwenye viganja vipana. Aliupapasa mkono kwa muda mrefu.

"Mifupa ya fuvu imeshonana, haikuumbwa isogee," alisema. "Bega ni kama mpira ndani ya kikombe, linazunguka kila upande. Lakini kiwiko ni bawaba. Kazi yake ni kukunja na kunyoosha. Kikikaa bila kazi, nyama zinazokizunguka zinakakamaa, kinajifunga. Nani alikuwa anamuuguza?"

"Ni mimi," binti akajibu. "Nilimwonea huruma."

"Kuanguka kulivunja mfupa tu, mwanangu, na mfupa ulipona. Kilichoufunga mkono huu ni hiyo huruma."

Binti akaangua kilio. Yule mama wa mazoezi hakumbembeleza. "Ninyi mnakaa mbali, kwa hiyo atakayeunyoosha ni wewe, kwa mikono yako, kila siku. Atalia sana."

Kesho yake binti akaushika mkono wa mama yake, akauvuta. Mama akalia kama mtoto. Binti akauachia, akageukia ukutani. Ndipo akasikia sauti nyuma yake, "Shika tena, mwanangu. Hata nikikuomba uache, usiache."

Akashika tena. Walilia wote wawili, siku baada ya siku, karibu mwaka mzima. Mkono ulinyooka, lakini si wote. Mama alirudi kufinyanga vyungu vidogo. Vile vikubwa vya kupikia harusini hakuviweza tena mpaka alipozikwa.

Ndugu zangu, msitoke hapa mkimsikitikia binti wa watu. Humu ndani yumo mke ambaye mume wake analewa, na kila Jumatatu anapeleka habari kazini kwamba mzee anaumwa. Yumo baba anayejua mwanawe anaiba, na polisi wakija anasema alilala nyumbani. Na sisi wazee wa kanisa tumo. Mwenzetu tumemwona akipotea mwaka mzima, tukaambizana, tusimuumize. Kunyamaza huko tukakuita upendo.

Mungu ametufanya viungo, mmoja kwa mwenzake, na kiungo kimeumbwa kitumike. Yupo mtu nyumbani kwako anayekakamaa sasa hivi, wakati wewe umekaa hapa unaniitikia amina. Umwambie leo. Umwambie kwa upole, lakini umwambie.

Mtanijibu, mchungaji, ataumia. Ni kweli, ataumia. Lakini mjiulize mbele za Mungu: miaka yote hii tuliyonyamaza, tulikuwa tunamhurumia yeye na maumivu yake, au tulikuwa tunayahurumia masikio yetu yasisikie kilio chake?