Mguu Usiouma

Ndugu zangu, kabla hatujainuka, sogeeni kidogo niwape kisa cha fundi cherehani mmoja, mtu wa watu, mwenye sukari mwilini na mzaha mdomoni. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mafundi wa zamani mnawajua: pedeli hawaikanyagi na viatu. Mguu mtupu uguse chuma, ndipo mshono unyooke, wanasema.

Basi kidole gumba cha mguu wa kulia kikaanza kumuuma. Kinawaka, kinapwita, hata usingizi haupati. Kazi yote akauhamishia mguu wa kushoto. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, una sukari wewe. Nenda kliniki ya miguu kule hospitali, wapo madaktari wa watu kama wewe."

"Wale wenye maswali kama wanaposa? Mimi naumwa kidole, mke wangu, siumwi ukoo mzima!"

Akaenda kwa daktari wa chaguo lake. Huyo alikuwa mwepesi. Alitazama kidole, akampa dawa ya kupaka, akamwambia ugua pole. Kiatu cha pili hakukigusa. Fundi akarudi akimsifu mtaa mzima. Tumlaumu? Nani kati yetu asiyempenda daktari anayetibu pale tu anapoonyeshwa?

Dawa ikaisha, maumivu yakabaki. Mkewe hakugombana naye. Alimpigia kanzu pasi, akamshika mkono, wakaenda wote kliniki. Daktari wa miguu, mama wa makamo, akavuta kigoda akaketi mbele yake.

"Vua viatu, baba."

Fundi akavua cha kulia.

"Na cha pili."

"Huo mzima, daktari. Nimekuletea mmoja tu wa kutibiwa."

"Hauumi?"

"Hata kidogo! Tangu mwaka jana hata kuwashwa hauwashwi. Huo ndio unaonilisha."

Daktari hakucheka. Akamvua kiatu mwenyewe, akaulaza mguu ule mapajani mwake, akatazama unyayo. Akachukua kibanio, akavuta taratibu. Kikatoka kipande cha sindano ya cherehani, na usaha nyuma yake. Fundi wakati huo alikuwa akitazama dari, hana habari; sukari ilishautia mguu ganzi. Alishtuka aliposikia mkewe analia.

"Baba," daktari akamwambia kwa upole, mguu bado ameushika, "unaouma tutautibu, usihofu. Huu usiouma ndio tungekuja kuukata."

Naye akalia, maskini. Miguu ile alikuwa akiiosha kwa udhu kila sala! Maji yanapita, mkono unapita upesi, na unyayo hajautazama. Tangu siku hiyo mkewe ndiye huushika, akaugeuza kwenye mwanga, akautazama vizuri kila usiku kabla hawajalala.

Na sisi je? Tukiinua mikono tunamwonyesha Mola panapouma: riziki, mtoto mkaidi, jirani mkorofi. Hapo hatuchoki kulia, na hakuna ubaya. Lakini yule ndugu yako uliyekosana naye? Mwanzoni ulikuwa hulali kwa ajili yake. Leo ukitajiwa jina lake unasema, "Mimi nimeshapoa." Umepoa, mpenzi wangu, au umekufa ganzi? Na uongo je? Wa kwanza ulikutetemesha midomo. Wa leo unausema huku unatafuna. Tunapofurahi kwamba hapaumi tena, huenda sindano imo humo humo, na sisi bado tunakanyaga pedeli.

Halafu tunachagua wa kutushauri. Tunamtaka mwepesi, wa kusema pole, asiyegusa kiatu cha pili. Yule anayetuambia "vua vyote" tunamwona ana maneno mengi.

Hapa tulipoketi, viatu vyetu sote viko mlangoni. Vizuri. Leo ukifika nyumbani vivue tena, usivivae upesi. Mwite yule anayekupenda kweli, ukae naye, umwambie: nitazame na huu ambao hauniumi.