Kiti Kimoja cha Saa Saba na Nusu

Hapo zamani, si zamani ya kale sana, maana ndege zilikuwa zimekwisha kujifunza kuruka na mashirika ya ndege yalikuwa yamekwisha kujifunza kuomba radhi, aliishi mzee mmoja jina lake Mbawala. Kazi yake ilikuwa ushenga. Kijana akipenda, Mbawala alitumwa. Ukoo ukiona haya kusema, Mbawala alisema. Posa thelathini na moja alikuwa amezipeleka, na zote thelathini na moja zilijibiwa ndiyo.

Ya thelathini na mbili ilikuwa ya mpwa wake, Osmundi, fundi redio, aliyempenda Editha binti Haule. Mzee Haule aliishi mji wa pwani, mwendo wa basi wa mchana kutwa na usiku kucha. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mtu wa tarehe na mihuri, na neno lake lilikuwa moja: "Barua ya Osmundi iwe mkononi mwangu Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa dakika moja, nafungua ya mwenye duka la saruji."

Siku zenyewe zilikuwa zimebaki mbili. Osmundi akauza pikipiki, akamkatia mjomba wake tiketi ya ndege.

Basi Ijumaa asubuhi Mbawala akaketi katika uwanja wa ndege wa mji wao wa milimani, uwanja mdogo kuliko soko la ndizi lililopakana nao. Barua ilikuwa ndani ya koti, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Kila mara aliigusa. Ipo. Akaigusa tena. Ipo.

Ndege ya shirika la Mabawa ya Fahari ilipaswa kuondoka saa mbili. Saa mbili ikafika, ndege haikufika. Akatoka meneja, Bwana Sekibo, tai shingoni, tabasamu mdomoni.

"Ndugu abiria, ndege imechelewa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa."

Abiria wakatazama nje. Jua linawaka, mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Wakatazamana. Wakasema, "Haya." Wakaketi.

Saa tatu akatoka tena.

"Ndugu abiria, ndege imechelewa kwa sababu ya hitilafu ya kiufundi."

Abiria wakatazama uwanjani. Ndege haipo, hitilafu imefika peke yake. Wakatazamana. Wakasema, "Haya." Wakaketi.

Saa nne akatoka mara ya tatu, na safari hii tabasamu lilikuwa pana zaidi.

"Ndugu abiria, safari imefutwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Lakini Mabawa ya Fahari inawajali. Kila mmoja apokee biskuti tatu na maji."

"Maji yenyewe mbona nusu chupa?" akauliza mama mmoja mnene mwenye kapu.

"Nusu nyingine, mama yangu, utaipata siku ya safari."

Zikagawiwa fomu za kurudishiwa nauli baada ya siku tisini za kazi. Abiria wakajaza. Wakasema, "Haya." Wakaenda zao, mmoja mmoja, wakitafuna biskuti.

Wakabaki watatu tu.

Wa kwanza alikuwa Mbawala. Alikuwa amempigia simu Mzee Haule, akamwomba akubali picha ya barua kwenye simu, naye mshenga angefika nayo kesho yake. Haule akacheka kicheko cha mahakamani. "Mbawala! Wewe kati ya watu wote? Posa ipigwe picha? Basi na ndoa tuifunge kwa simu, na wajukuu watumwe kwa simu. Saa kumi, mzee mwenzangu."

Wa pili alikuwa yule mama wa kapu, Bi Kandida. Mwanawe wa kwanza alikuwa amepata mtoto huko huko pwani, na katika ukoo wao jina hutolewa na bibi mzaa baba, kwa mdomo wake, sikioni mwa mtoto, siku ya saba kabla ya jua kuzama. Jina lenyewe halitajwi kwa mtu yeyote mpaka mtoto alisikie. Bibi asipofika, mtoto hukaa mwaka mzima akiitwa "wewe."

Wa tatu alikuwa Mwalimu Luambano, kijana mwembamba wa sekondari, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Yeye alikuwa akienda kutoa mada kwenye semina ya siku tatu kuhusu uvumilivu.

"Na umeshindwa kuvumilia?" Bi Kandida akamuuliza.

"Mama, semina inafunguliwa saa kumi. Asiyesaini ufunguzi hapati posho wala cheti. Na cheti ndicho kitanipandisha daraja."

Bi Kandida akaguna, akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Jumamosi moja, Jumapili mbili... Akachanganyikiwa. Akauendea ukuta, paliponing'inia kalenda kubwa ya Mabawa ya Fahari, ndege inacheka, rubani anacheka, hata mawingu yanacheka. Akaifunua ili ahakikishe kama leo kweli ndiyo siku ya saba. Msumari ukachomoka. Kalenda ikaanguka puu!

Nyuma yake palikuwa na tangazo. Lilikuwa na nembo, mhuri, na maandishi madogo kama siafu. Nalo lilikuwa kwa Kiingereza tupu.

"Hee! Mnaficha nini huku?" akasema Bi Kandida. "Mwalimu, njoo unisomee hawa wadudu."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kama anavyosomea darasa la watu sitini.

"Hizi ni haki za abiria, zimetolewa na wenye mamlaka ya anga. Safari ikifutwa, abiria ndiye anayechagua. Akitaka nauli yake, arudishiwe. Akitaka kusafiri, apewe kiti siku hiyo hiyo, hata kama ni kwenye ndege ya shirika jingine, kwa gharama ya lililofuta. Na wakati akisubiri, apewe chakula."

"Chakula?" Bi Kandida akainua biskuti yake iliyobaki, akaitazama juu na chini.

Bwana Sekibo akaja mbio. "Hilo tangazo ni la zamani!"

"Lina tarehe ya mwaka huu," akasema Mwalimu.

"Basi ni jipya mno. Halijatufikia."

"Limefika, kaka. Liko ukutani kwako," akasema Bi Kandida. "Hata kalenda mmelivalisha lisishikwe na baridi."

Sekibo akalegeza tai, akashika simu, akasema na watu wa shirika jingine, ambalo ndege yake ilikuwa inaondoka saa saba na nusu. Akafunika simu kwa kiganja. Akasema, "Nina viti vitatu. Mnavitaka?"

Wasikilizaji wangu, shikeni hapo. Viti vitatu. Watu watatu.

Bi Kandida akafungua mdomo. Mwalimu akafungua mdomo. Lakini Mbawala aliwahi, maana pale paliposemwa neno la mapatano, ulimi wake ulikuwa umekwisha kusimama wenyewe. Katika posa, neno la kwanza halipokewi. Ukilipokea, wenyeji watasema una njaa. Mshenga hujibu kwa upole, hutoka nje na watu wake, hukaa kidogo, ndipo hurudi. Mbawala alikuwa amefanya hivyo mara thelathini na moja, na kila mara aliporudi alikuta neno limeongezeka utamu.

"Tumesikia, Bwana Sekibo," akasema. "Tunaomba tutoke nje tukashauriane."

Akawashika mikono wenzake, akawatoa. Wakasimama kwenye maegesho, jua likiwapiga utosini.

"Tunashauriana nini?" akauliza Bi Kandida.

"Hakuna, dada. Tunasimama tu. Ndivyo inavyofanywa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ionekane tumeshauriana."

Mwalimu akatazama saa. Wakasimama dakika kumi. Waliporudi, Sekibo alikuwa ametulia, tai imekazwa upya.

"Kimebaki kimoja," akasema. "Viwili vimechukuliwa na mheshimiwa mmoja na mkoba wake."

"Mkoba unakaa kwenye kiti?" Mwalimu akapaza sauti. "Mkoba una tiketi?"

"Mkoba una cheo. Na hicho kimoja nacho kinaombwa na watu, sijui kama nitaweza..."

Bi Kandida hakumtazama Sekibo. Alimtazama Mbawala. Mzee akaona aibu inampanda miguuni mpaka shingoni. Akavua viatu, akavipanga vizuri, akaketi chini katikati ya mlango wa ofisi ya meneja. Akatoa barua, akaiweka gotini juu ya kitambaa chake cheupe.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nasubiri jibu, mwanangu. Mshenga haondoki mlangoni bila jibu. Mwaka wa mafuriko, kwa akina Nchimbi, nilikaa siku mbili. Walinipikia wenyewe."

Sekibo akataka kutoka kwenda kula. Mlango una mzee. Akataka kuruka, suruali yake ilikuwa ya kubana. Akatishia kuita askari. Askari akaja, akaiona barua na kile kitambaa, akauliza, "Posa?" Mbawala akaitikia kwa kichwa. Askari akavua kofia, akarudi zake alikotoka.

Saa sita ikapita. Tumbo la Sekibo likanguruma, kila mtu akalisikia. Mwishowe akachomoa karatasi ya kupandia ndege, akaipiga mhuri, akamtupia Mbawala pamoja na kalamu.

"Haya! Kiti kimoja. Jina sikuliandika. Andikeni wenyewe, mimi sitaki lawama. Mabawa ya Fahari inaheshimu uhuru wa abiria."

Akamruka mzee, suruali ikalia pwaa! kwa nyuma, naye akaenda kula.

Ndipo maneno yakaanza.

Bi Kandida akasema, "Kiti ni changu. Nani alifunua ile kalenda? Ni mimi. Nisingeifunua, Mwalimu angesoma nini? Mzee angekalia mlango wa nini? Bila mimi hakuna tangazo, na bila tangazo hakuna kiti."

Mwalimu akasema, "Kiti ni changu. Mama, uliona wadudu. Aliyewageuza kuwa maneno ni nani? Ni mimi. Nisingesoma, ungeirudisha kalenda ukutani ukala biskuti yako. Bila mimi hakuna haki, na bila haki hakuna kiti."

"Lakini wewe unaenda kufuata posho!"

"Ninaenda kazini, mama. Tangazo halikusema mwenye mjukuu apewe kwanza. Linasema abiria. Mimi si abiria?"

Wote wawili wakamgeukia Mbawala. Miaka yote alikuwa amesemea wengine. Kujisemea hakujua aanzie wapi.

"Mimi..." akasema. "Sijisemei mimi. Nimetumwa. Kuna kijana huko nyumbani ameuza pikipiki. Na karatasi hii ilitoka kwa sababu niliketi. Tangazo mlikuwa nalo, na lilikuwa limekwisha kusomwa, na bado mtu huyu alikuwa anawaambia hajui kama ataweza."

"Na viwili vilikwenda kwa sababu ulisimama," akasema Bi Kandida. "Usingesimama juani, sasa hivi tungekuwa tunapanda wote watatu, tunacheka kama ile kalenda."

"Kweli, dada."

"Kweli tu? Basi nipe hiyo barua, niifikishe mimi."

"Barua ya posa isipotoka mkononi mwa mshenga, kwa Haule ni karatasi ya kufungia maandazi. Wewe nipe hilo jina, nikamwambie mtoto."

"Jina nikutajie wewe kabla halijasikiwa na mwenyewe? Thubutu!"

"Nipeni mimi vyote viwili," akasema Mwalimu.

"Wewe utavisahau seminani!" wakamjibu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakacheka, wote watatu.

Kicheko kikaisha. Kipaza sauti kikakohoa: abiria wa saa saba na nusu, mwito wa mwisho. Huko nje mheshimiwa alikuwa anapanda ngazi, na nyuma yake mchukuzi amebeba mkoba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Simu ya Mbawala ikatetemeka mfukoni. Aliyepiga alikuwa Osmundi. Mzee hakuipokea. Akaitandaza ile karatasi gotini, juu ya kitambaa cheupe. Palikuwa na mstari mmoja mtupu, na kalamu mkononi mwake. Akamtazama aliyeona. Akamtazama aliyesoma. Akatazama viatu vyake mwenyewe, vimepangwa vizuri mlangoni.

Akainama, akaandika jina.

Dakika saba baadaye ndege iliruka na mmoja wao. Wawili waliobaki walimwona Bwana Sekibo amerudi, ameshiba, ameficha nyuma yake kwa gazeti. Akaokota msumari, akaokota kalenda, akaitundika palepale ilipokuwa, akainyoosha. Ndege ikacheka. Rubani akacheka.

Sasa nyinyi mlionisikiliza, karatasi naiweka mbele yenu na kalamu nawapa. Jibu lolote nitalipokea, isipokuwa "Haya." Yupo aliyelifichua tangazo, yupo aliyelisoma, na yupo aliyeukalia mlango baada ya kuvipoteza viti viwili. Je, kwenye ule mstari mtupu, jina la nani lilistahili?